Picha za babu ziko Nansio na baba mdogo hataki zivuke maji

Mjukuu wa Bwana Shamba:

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza dagaa kwa jumla hapa Mwaloni, Kirumba. Kompyuta naijua ya kupigia hesabu tu, kwa hiyo atakayejibu tafadhali asiruke hatua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa bwana shamba Ukerewe, alianza enzi za mkoloni akastaafu chini ya Mwalimu. Alikuwa mtu wa pamba na mtu wa picha. Ameacha sanduku la bati, lile la kwendea bweni, limejaa picha nyeusi na nyeupe. Humo humo kuna bahasha za negativu, vile vipande vya mkanda wa kamera. Kuna albamu mbili za miaka ya themanini, zile zenye kurasa za gundi na nailoni juu. Na kuna picha moja kubwa ya fremu iliyokaa sebuleni tangu sijazaliwa. Vyote viko nyumbani Nansio, kwa bibi na baba mdogo.

Masika iliyopita paa likavuja usawa wa kabati. Sanduku limepona, ila albamu moja imepata maji pembeni. Hapo ndipo ukoo mzima ukaamka. Shangazi wa Musoma anataka zigawanywe, kila mtoto achukue fungu lake. Binamu yangu wa Dar anasema tuzipige na simu, tuzimwage kwenye kundi la WhatsApp, habari iishe. Mimi nilitaka nizilete Mwanza, maana kuna steshenari mjini wamenitajia shilingi 1,000 kwa picha, wanaskani na kukuwekea kwenye fleshi. Baba mdogo kakataa katakata: "Picha hazivuki maji." Mtu asiye wa visiwani atacheka. Sisi tuliozika ndugu baada ya kivuko MV Nyerere kupinduka, Septemba 2018, hatucheki. Yeye mwenyewe meli anapanda kila akitaka, ila kitu kisicho na nakala hakipandishi.

Maswali yangu sasa. Ile ya fremu imenata kwenye kioo upande wa kulia, kuanzia kwenye viatu vya babu mpaka kwenye kofia ya mzungu aliyesimama naye. Naitoaje? Negativu nizihangaikie za nini wakati picha zenyewe zipo? Na baadhi zinanuka siki, ukifungua bahasha inakupiga puani. Simu inatosha au lazima skana? Na hiyo 1,000 ni bei ya haki kweli? Picha zinakaribia mia nne, nikizidisha napata mtaji wa watu.

Naomba kuwasilisha.


Fundi Chumba cha Giza:

Mayu (yaani mama), kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi marahaba. Nimefanya kazi studio mjini Mwanza tangu nikiwa kijana wa kubeba taa hadi simu zilipotufungia mlango. Nianze na kioo, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

USIITOE. Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu najua utatamani. Picha ya zamani ni karatasi yenye tabaka la jeletini juu, na sura ya babu yako imo ndani ya hilo tabaka, haimo kwenye karatasi. Jeletini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, ndugu moja na gundi ya seremala. Inakunywa unyevu. Hapa kwetu ziwani hewa ikilainisha inavimba, inagusa kioo, kiangazi kikija inakauka palepale. Ukivuta, utabaki na karatasi nyeupe mkononi na kofia ya mzungu kwenye kioo. Usitie maji, usipulizie draya ya saluni, usichokonoe na wembe. Nimeletewa picha ya harusi iliyochokonolewa na wembe, bwana harusi hakuwa na taya.

Fungua fremu kwa nyuma, toa picha ikiwa pamoja na kioo chake, futa kioo upande wa nje kwa kitambaa kikavu, kisha ipige hivyo hivyo. Ilaze mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja. Zima taa za ndani, zima mwanga wa simu. Vaa shati jeusi. Sikutanii, ukivaa kitenge cha njano kitatokea ndani ya kioo juu ya kifua cha babu. Kama bado unajiona, ning'iniza khanga nyeusi nyuma yako. Simu iwe juu ya picha imelala sawasawa nayo, isielekee upande. Weka stuli mbili, ubao juu yake, simu ichungulie ukingoni, na utumie ile saa ya kuhesabu sekunde tatu ili usiitikise kwa kidole.

Ukishapata picha nzuri, rudisha kwenye fremu na usiipe tena ukuta wa nje wa nyumba. Ukuta unaopigwa na mvua ndio uliokuponza.

Sasa negativu. Negativu ndiyo mama, picha ni mtoto. Ile picha ya karatasi ilichapwa kutoka humo, mara nyingi ikakatwa pembeni, na weusi wake ulitegemea fundi aliamkaje siku hiyo. Kwenye negativu kuna watu waliokatwa, kuna ukuta, kuna baiskeli. Halafu kuna haipo, ile dawa ya mwisho ya kukamatisha picha. Ilitakiwa ioshwe kwa maji yanayotiririka muda mrefu. Siku za mgao wa maji tulikuwa tunasuuza kwenye beseni tunaanika. Picha zilizosuuzwa hivyo utazijua hata miaka arobaini baadaye, zimeingia umanjano na madoa ya kahawia. Kama picha ya babu iko hivyo, tafuta negativu yake kabla hujalia. Huenda yenyewe iko safi.

Hizo zinazonuka siki ni wagonjwa. Plastiki yake ya asetati inaoza na inatoa asidi, na harufu yake inawaambukiza wenzake. Zitenge leo. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, zitie kwenye bahasha za karatasi mahali penye hewa, na hizo ndizo uanze kunakili, kabla ya kitu kingine chochote. Zikishaanza kujikunja na kufanya mikunjo hazirudi. Tazama pia ukingo wa kila mkanda: ukiona neno SAFETY, ni plastiki ya kawaida. Kama ni mikanda ya kabla ya miaka ya hamsini na haina neno hilo, inaweza kuwa ile ya naitreti, inayoshika moto vibaya. Hiyo usiiweke karibu na jiko wala kwenye jua, na usivute sigara karibu yake.

Bei ya 1,000 nawaachia wengine.


Kisamvu cha Karanga:

Nasubiri sehemu ambayo kwenye sanduku inapatikana picha ya babu na mwanamke asiyejulikana, kashika mtoto, nyuma imeandikwa "Bukoba, tukumbuke". Kila sanduku la bati lina moja. Endeleeni.


Nyaraka Igoma:

Dada, mimi nashughulika na makaratasi ya ofisi, kazi yangu ni kuskani tangu asubuhi. Fundi kamaliza upande wa dawa, nikuongezee upande wa mashine.

Steshenari usiwaulize bei kwanza. Waulize wanaskani kwa dpi ngapi, yaani vinukta vingapi kwa kila inchi, na wanakupa faili la aina gani. Wengi wanatumia mashine ya kutolea kopi iliyowekwa 200 au 300 kwa ajili ya vyeti vya shule, na wanakupa PDF. Kwa cheti ni sawa, kwa picha ndogo ya babu utaona miraba ukiikuza. Na kama wanazipitisha kwenye kile kijisahani cha juu kinachomeza karatasi chenyewe, kimbia. Zile rola zinavunja picha iliyokauka, tena zinaikwaruza kote.

Picha ya kadi ya kawaida, sentimita 10 kwa 15, iskaniwe kwa dpi 600. Inatoka na pikseli kama 2,400 kwa 3,600, na ukiihifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, ni megabaiti 26 hivi. Picha mia nne ni gigabaiti kumi na kidogo. Hazikujazii hata diski ndogo ya nje. Vile vipicha vya pasipoti viweke 1,200. Kubwa kama ile ya fremu, 300 mpaka 400 inatosha. Negativu ni habari nyingine, zinaanzia 2,400 na zinahitaji skana yenye taa kwenye kifuniko. Mtu akikuuzia ujanja wa kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi, kwenye negativu nyeusi na nyeupe za zamani haufanyi kazi, kwa sababu yale madini ya fedha yaliyomo yanazuia mwanga huo na mashine inayadhania vumbi.

Sasa kwa kuwa mzee amesema picha hazivuki, basi ivuke skana. Skana ziko za namna mbili. Ile nyembamba nyepesi, inayochukua umeme kwenye laptopu kwa waya huohuo wa USB, inaitwa CIS. Inabebeka kwenye begi na umeme ukikatika Nansio laptopu inaendelea. Ubaya wake haioni mbali: kitu kikinyanyuka milimita chache kutoka kwenye kioo chake kinatoka na ukungu. Kwa hiyo picha zilizojikunja zitakusumbua, na ile iliyonata kwenye fremu usiipe kabisa, ipige kwa simu kama Fundi alivyosema. Ile nene nzito ya CCD inaona kina zaidi, baadhi zina taa ya negativu, lakini inataka umeme wa ukutani na ina uzito wa kumchosha kuli. Mimi ningebeba nyembamba.

Zile albamu za gundi: kwanza piga ukurasa mzima ulivyo, na maandishi yake. Kisha jaribu kuinua picha moja pembeni kwa uzi wa kusafishia meno, uupitishe chini ukivuta kushoto kulia polepole. Ikigoma, iache hapo hapo. Upande uliopata maji usibandue nailoni, piga hivyo hivyo juu yake.

Na nyuma ya picha, jamani. Watu wanaskani mbele wanasahau nyuma. Kuna mhuri wa studio, kuna mwandiko wa babu, kuna "kwa mpendwa mama, nimefika salama". Kila yenye maandishi iskaniwe pande zote, namba moja, 012_mbele na 012_nyuma. Jina la faili lianze na mwaka, lifuate na mahali. Mwaka usioujua weka herufi k, yaani karibu: 1963k_Nansio_012_mbele. Zikijipanga kwenye kompyuta zinajipanga kwa miaka zenyewe.


Kaka Mjini:

Huyo binamu wa Dar anayesemwa hapa ni mimi, na dada umenianika mbele za watu.

Nijitetee. Kwanza, picha mia nne kwa TIFF sijui nini, nani ataziangalia? Watoto wetu wanaishi kwenye simu. Ukiziweka kwenye kundi kila mtu anazo, nyumba ikiungua Nansio, ziko Dar, ziko Musoma, ziko kwa yule mdogo wetu aliyeko Uholanzi. Hiyo si nakala? Pili, teknolojia imefika. Ile ya babu akiwa kijana, niliipitisha kwenye programu ya akili mnemba, ikatoka na rangi, imenyooka, kila mtu kundini kapiga makofi. Mnataka turudi kwenye beseni za haipo?


Mjukuu wa Bwana Shamba:

Kaka, karibu. Makofi yalipigwa, ndiyo. Bibi yeye aliitazama akauliza, "Huyu nani?"

Nenda kaifungue tena uitazame shavu la kushoto. Babu alikuwa na kovu la kukatwa na waya wa robota la pamba, limeanzia chini ya jicho limeishia kwenye ndevu. Mashine yako imelifuta. Imempa meno ya mbele ambayo hakuwa nayo, na shati lake la kazi limekuwa la bluu bahari. Lilikuwa kaki, kaki ile ile ya mabwana shamba wote.


Fundi Chumba cha Giza:

Kijana wa Dar hajakosea kwenye kutawanya. Nakala zikiwa nyumba nyingi ni salama kuliko nyumba moja, hapo nampa haki yake. Ila WhatsApp ukiitumia picha kama picha, inaibana. Inayofika Uholanzi si ile iliyotoka. Kama lazima, itume kama dokumenti, inafika nzima.

Kuhusu hiyo akili mnemba, mashine haijawahi kumwona babu yenu. Ikikuta sura iliyofifia inachora sura inayoelekea sura nyingi ilizofundishwa. Sisi pia studio tulikuwa tunapaka, tunaondoa chunusi kwa penseli juu ya negativu, bibi harusi akitaka awe mweupe tulimfanya mweupe. Lakini mteja alikuwa amekaa mbele yetu anatukosoa. Babu hawezi kukosoa. Chezeni nayo mkipenda, ila nakala isiyoguswa ibaki pembeni na jina lake, na ile iliyotiwa rangi iandikwe hivyo kwenye jina la faili, maana baada ya miaka ishirini mjukuu ataichukua hiyo akiamini ndiyo sura.

Kwa zile za rangi za miaka ya sabini na themanini ambazo zimegeuka wekundu: huo ni wino wa samawati uliofifia, nao hufifia hata gizani, hata kama hamkuzianika juani. Programu ya kawaida ya kurekebisha rangi inarudisha sehemu kubwa bila kumbadilisha mtu sura. Hiyo sina ugomvi nayo.


Nyaraka Igoma:

Naongeza kwa Kaka Mjini: kundi la WhatsApp ni mahali pa kuonyeshana, halafu picha zinaweza kupotea siku mtu akibadilisha simu. Diski mbili za nje, moja ikae kwa dada Mwanza, moja kwako Dar, na seti ya tatu mtandaoni. Akaunti ya Google inatoa gigabaiti 15 bure, ingawa humo zinahesabiwa na barua pepe na kila kitu, kwa hiyo msitumie akaunti ya mtu aliyejaza video za harusi. Fungueni mpya ya ukoo. Fleshi ni ya kusafirishia tu.

Dada, umetaja mzungu na kofia. Hiyo picha ya fremu ni ya mwaka gani?


Mjukuu wa Bwana Shamba:

Hapo ndipo vita ilipo. Baba mdogo anasema ni siku ya Uhuru yenyewe, 9 Desemba 1961, kwa sababu nyuma ya watu kuna bendera. Bibi anasema hapana, siku ya Uhuru babu hakuwa na viatu hivyo, alivinunua alipozaliwa baba yangu, na baba ni wa 1963. Hawajasalimiana vizuri kwa ajili ya hiyo picha.

Ninavyoikumbuka: babu kasimama, mzungu kulia kwake, wanaume wengine wamechuchumaa mbele. Pembeni kuna magunia yamejaa, moja lina herufi V.F.C.U. Nyuma mlingoti na bendera.


Nyaraka Igoma:

V.F.C.U. ni ule umoja wa vyama vya ushirika vya pamba wa kanda yetu, Victoria Federation, ulianza 1955. Kwa hiyo gunia halituamulii, linatuambia tu si kabla ya hapo.

Bendera ndiyo shahidi. Mpigie mzee, aiangalie kwa tochi akimulika kutoka upande ili kioo kisimng'arishie. Michirizi imelala au imekata kona kwa kona? Bendera ya Tanganyika ilikuwa na michirizi iliyolala, kijani, na mweusi katikati wenye njano kingoni. Hii tuliyonayo ya mshazari, yenye bluu, imekuja katikati ya 1964 baada ya Muungano. Kwenye picha nyeusi na nyeupe rangi huzioni, lakini mlalo wa michirizi unauona.


Mjukuu wa Bwana Shamba:

Nimempigia. Kachukua tochi, nikasikia anavuta kiti, kisha kimya kirefu nikadhani bando limekatika. Michirizi IMELALA. Na sasa anacheka, anasema ameshinda.


Mkulima wa Magu:

Hajashinda huyo. Mimi si mtu wa picha, nimeingia humu kwa ajili ya pamba.

Magunia yamejaa, sivyo? Yako kwenye gulio, na bwana shamba yupo, na mzungu yupo. Pamba ya kanda ya ziwa tunapanda mvua zikianza, Novemba na Desemba. Tunavuna kuanzia Mei, magulio yanafunguliwa katikati ya mwaka. Desemba tarehe tisa shambani kuna mche wa kidole kimoja au hakuna kitu. Magunia ya pamba yaliyojaa mwezi wa kumi na mbili, ya nani, yametoka wapi? Bendera imelala, kwa hiyo ni baada ya Uhuru. Magunia yamejaa, kwa hiyo ni msimu. Uhuru ulishatoka Desemba, msimu wa kwanza chini ya ile bendera ni wa 1962, unaofuata ni 1963, na 1964 bendera ikabadilika msimu ndio kwanza unaanza.

Bibi asikilizwe. Wanawake wanakumbuka viatu.


Kisamvu cha Karanga:

Mkulima wa Magu apewe kazi Makumbusho ya Bujora. Sina zaidi.


Fundi Chumba cha Giza:

Nimefurahi mpaka nimeweka miwani mezani. Kuna jambo moja ambalo vijana wa tarehe wanateleza: picha ikiwa na mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe, hiyo ni tarehe ya kusafishwa. Mkanda unaweza kuwa ulikaa ndani ya kamera tangu Pasaka hadi Krismasi. Kwa hiyo ukikuta "1966" pembeni, andika si baada ya 1966.

Na mayu, kabla skana haijafika, mkalishe bibi. Usimwonyeshe zote, atachoka na ataanza kukubali kila jina unalomtajia. Chache kila jioni, simu ikiwa inarekodi sauti, na umwache aanze mwenyewe. Usiulize "huyu ni fulani?" Muulize "hapa ni wapi?" Jina litakuja na ugomvi wake, na deni lake, na nani alimwoa nani. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, taratibu, ikiwa imelala kwenye kioo au meza ngumu. Peni inapenya, na wino wake unahamia kwenye picha ya juu yake. Zile zenye mgongo wa plastiki zinazokataa penseli, andika kwenye bahasha.


Kaka Mjini:

Sawa. Sasa, baada ya kuskani, sanduku linafuata nani? Maana shangazi wa Musoma hajasahau.


Nyaraka Igoma:

Mkishakuwa na nakala nzuri, kila mtoto achapishiwe zake mpya, studio za kuchapa ziko mjini na bei si ya kutisha. Sanduku libaki zima. Ukigawa asili, mkanda mmoja wa negativu utakuwa Musoma na picha yake Nansio, na hakuna atakayejua zilikuwa pamoja. Sanduku likae juu ya mbao, si sakafuni, si kabatini chini ya dari. Picha ziwe kwenye bahasha za karatasi tupu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitie humo, na mvibadilishe. Vidonge vya nondo msitie, mvuke wake si rafiki wa plastiki za picha.

Nendeni Julai au Agosti, hewa ikiwa kavu. Msimu wa mvua picha zinataka kunatana.


Fundi Chumba cha Giza:

Kwa negativu kama hamna skana yenye taa: simu mbili. Moja iwashwe kioo cheupe kabisa, mwanga wa juu. Juu yake simamisha kipande cha kioo safi au plastiki angavu, kiwe kimenyanyuka vidole vitatu hivi, negativu iwe juu ya hicho kioo. Usiilaze moja kwa moja kwenye simu, utapiga na vinukta vya skrini. Piga na simu ya pili, kisha geuza rangi kwenye programu. Si kazi ya maonyesho, lakini kwa zile zinazonuka siki ni bora kuliko kuzisubiri zife. Vaa glavu au shika ukingoni tu.


Mjukuu wa Bwana Shamba:

Wabeja sana, wote. Kisamvu, ile picha ya Bukoba ipo kweli, na huyo mama tunamfahamu, ni shangazi yetu wa kwanza, alikuwa anaenda huko kusomea ukunga. Samahani kwa kukuharibia.

Nimezungumza tena na baba mdogo. Skana kuvuka amekubali, tena kasema ataipokea mwenyewe gatini. Masharti yake mawili: wa kufungua ile fremu ni yeye na si mtu mwingine, na kwenye jina la faili iandikwe 1962k, kwa sababu 1963 ni kumpa bibi ushindi wote. Bibi kakubali 1962k kwa sharti kwamba viatu viandikwe. Sijui viatu vinaandikwa wapi kwenye jina la faili, lakini nitaviandika.

Zile za siki nimemwambia azitoe sandukuni leo hii, ameziweka kwenye bahasha za kaki juu ya kabati la vyombo.

Nyaraka, hiyo skana nyembamba unayo ya kuazimisha? Nitachukua wiki mbili mwezi wa saba, laptopu anakuja nayo Kaka Mjini, nauli yake ya meli nalipa mimi. Njoo inboksi na bei. Uanze na ya undugu, maana mimi nashinda Mwaloni, kupatana bei ndiyo kazi yangu.